Shule Iliyoota Chini ya Miti

Katika ngeli za nomino za Kiswahili, miti imejengewa nyumba yake. Anayesema embe amekwisha kuukaribia mwembe. Anayesema ukwaju yu hatua moja tu kutoka kwa mkwaju. Kiambishi kidogo hututoa kwenye tunda kikatufikisha kwenye mti uliolizaa. Hata hivyo, neno halidumu katika lugha kwa sababu tu limeandikwa katika kamusi. Hudumu kwa kuwa wapo watu wanaokiona kile linachokitaja, wanaokigusa, na wenye haja ya kukitofautisha na kingine. Kitu kikitoweka, jina lake nalo huanza safari ya kukifuata.

Jambo hili hunijia akilini kila ninapopita katika nyua za shule zetu. Nyingi ni safi kupita kiasi. Uwanja umefagiwa hadi ukabaki udongo mtupu, mawe yaliyopakwa chokaa yamepangwa kandokando ya njia, nyasi zimefyekwa, na pembezoni, kama askari wa gwaride, imesimama safu ya mikaratusi. Ndege akitua hapo hana cha kula wala pa kujificha. Na ndani ya darasa, wakati uo huo, mwalimu anafundisha mada ya mazingira kwa kuchora mti ubaoni.

Leo ningependa kuwasimulia walimu na wanafunzi maisha ya mtu aliyeukataa utaratibu wa namna hiyo, akaijenga shule yake chini ya miti, na miti yenyewe akaifanya kuwa miongoni mwa walimu. Mtu huyo ni Rabindranath Tagore wa Bengali. Wengi wetu twamjua kama mshairi, mtu wa kwanza asiye Mzungu kupata Tuzo ya Nobel ya fasihi, mwaka 1913. Wachache wanajua kwamba kwa miaka 40 ya mwisho ya maisha yake alikuwa mwalimu wa shule, na kwamba shule hiyo ilimgharimu mno.

Tagore alizaliwa Kolkata tarehe 7 Mei 1861, katika jumba la Jorasanko, akiwa kitinda mimba kati ya watoto waliosalia wa Debendranath na Sarada Devi. Ukoo wao ulikuwa wa matajiri na wasomi. Utajiri huo, hata hivyo, haukumpa mtoto uhuru. Mama alikuwa mwingi wa majukumu na mnyonge wa afya. Baba alikuwa msafiri. Watoto wakaachwa mikononi mwa watumishi. Mmoja wa watumishi hao alikuwa na mbinu yake ya kujipunguzia kazi. Alimkalisha mtoto chumbani, akamchorea duara la chaki kumzunguka, akamwonya kwamba akilivuka yatampata mabaya. Mtoto aliyeamini hakuthubutu kutoka.

Kwa bahati njema, duara hilo lilikuwa karibu na dirisha. Chini ya dirisha palikuwa na kidimbwi, na kando ya kidimbwi palikuwa na mti mkubwa wa jamii ya mkuyu, ule wa Bara Hindi unaoteremsha mizizi kutoka matawini hadi ardhini, na upande mwingine safu ya minazi. Mtoto akawa anashinda hapo akitazama waogaji wakija na kuondoka, mabata wakitafuta konokono majini, na kivuli kikihama chini ya mti. Baada ya miaka mingi, alipokuwa mtu mzima, mti ule ulikatwa na kidimbwi kikafukiwa. Aliviandika katika kumbukumbu zake kama mtu anayewataja jamaa waliofariki.

Alipelekwa shule, na shule zikamshinda. Alipitia kadhaa mjini Kolkata, na zote zikamwonekea kuwa duara jingine la chaki: kuta nne, madawati, masomo ya kukariri katika lugha ambayo mtoto hakuota kwayo ndoto. Kabla hajafikia umri wa miaka 15 alikuwa amekwisha kuziacha, akawa anasomea nyumbani. Mwaka 1878 alipelekwa Uingereza akasomee sheria; akarejea mwaka 1880 bila shahada. Mtu huyu ambaye baadaye angeanzisha chuo kikuu hakuhitimu chuo chochote.

Safari iliyomfunza ilikuwa nyingine. Mwaka 1873, akiwa na umri wa miaka 11, baba yake alimchukua kwenda naye katika milima ya Himalaya. Njiani walikaa siku kadhaa mahali paitwapo Santiniketan, karibu na mji wa Bolpur, yapata kilomita 150 kutoka Kolkata. Hapo hapakuwa na bustani ya Edeni. Palikuwa na uwanda mkavu wa udongo mwekundu wenye changarawe, uliochimbwa makorongo na maji ya mvua. Baba yake alikuwa amelichukua eneo hilo kwa mkataba mwaka 1863, baada ya kupumzika chini ya miti miwili ya chatim iliyosimama pekee katika uwanda huo. Chatim ni mti wa kwao, wenye majani yanayokaa kwa mafungu ya saba saba. Debendranath, aliyekuwa kiongozi wa jumuiya ya kidini ya Brahmo Samaj, aliuchagua uvuli ule kuwa mahali pa kutafakari. Kisha akafanya jambo la subira: changarawe ya juu ikaondolewa, udongo mzuri ukaletwa kutoka kwingine, nayo miembe, mizambarau na miti ya sal ikapandwa.

Mtoto wa Kolkata aliachiwa huru katika makorongo yale. Hapakuwa na duara. Aliokota vijiwe, akafuata vijito, akamletea baba yake kila alichokivumbua, na baba hakumkemea kwa kuchafua nguo. Naamini kwamba shule yote aliyoijenga baadaye ilitoka katika siku zile chache.

Alipokuwa na umri wa karibu miaka 30, baba alimkabidhi usimamizi wa mashamba ya ukoo mashariki mwa Bengali, sehemu ambazo leo zimo nchini Bangladesh. Aliishi kwa miaka mingi katika mashua juu ya mto Padma. Hapo ndipo kijana wa jumba kubwa alipokutana na mkulima anayedaiwa, na kijiji kisicho na shule wala tabibu. Aliona jambo ambalo wasomi wengi wa enzi yake hawakuliona: kwamba elimu ya kikoloni ilikuwa ikimtenga msomi na ardhi pamoja na watu waliomlea. Aliyefaulu alihama, aliyebaki alidharauliwa. Je, msomaji, hilo halifanani na tuliyoyaona sisi?

Tarehe 22 Disemba 1901, akiwa na umri wa miaka 40, Tagore alifungua shule pale Santiniketan. Wanafunzi walikuwa watano, mmojawapo akiwa mwanawe Rathindranath. Mwanzoni hapakuwa na karo. Fedha zilipopungua, aliuza nyumba yake iliyokuwa Puri, na mkewe Mrinalini akatoa vito vyake vya dhahabu vikauzwa. Jamaa wengi waliona kwamba amerukwa na akili.

Baada ya hapo mauti yakabisha hodi mfululizo. Mrinalini alifariki Novemba 1902, kabla shule haijatimiza mwaka mmoja. Mwaka 1903 akafa binti yao Renuka. Mwaka 1904 akafa mwalimu kijana, Satish Chandra Roy, aliyekuwa tegemeo la shule. Mwaka 1905 akafa baba. Na mwaka 1907 kipindupindu kikamchukua Samindranath, mwana wake mdogo, kabla hajatimiza miaka 11. Mapema mwaka uo huo mtoto huyo alikuwa amewakusanya wenzake wakafanya sherehe ya kuyakaribisha majira mapya, wakajipamba kwa maua na kuigiza misimu ya mwaka. Sherehe za majira ambazo Santiniketan inajulikana kwazo hadi leo huhesabiwa kuanzia mchezo ule wa watoto. Baba mtu hakuifunga shule. Alizichukua sherehe za mwanawe, akaziendeleza.

Masomo yalifanyika nje. Kila mwanafunzi alibeba mkeka wake, akautandika chini ya mwembe au katika njia ya miti ya sal. Mvua iliponyesha waliingia barazani. Wageni waliopita walidhani ni umaskini, kwamba shule haikuweza kujenga madarasa. Kwa kweli ulikuwa uamuzi. Tagore alishikilia kwamba mtoto hujifunza kwa mwili mzima, na kwamba kumkalisha kimya ili aambiwe habari za ulimwengu ilhali ulimwengu wenyewe uko nje ya dirisha ni kupoteza wakati wa pande zote mbili. Mwanafunzi aliyeinua macho kumtazama ndege wakati wa somo hakuchapwa. Ndege naye alikuwa sehemu ya somo.

Hapa ndipo simulizi hii inaponigusa mimi kama mtu wa isimu. Tagore hakutosheka na kuweka watoto chini ya miti. Alitaka wajue miti ni ipi, kwa lugha yao wenyewe. Mwalimu wake wa sayansi, Jagadananda Roy, aliandika kwa Kibengali vitabu vya watoto kuhusu wadudu, mimea, samaki na vyura, na ndege wa Bengali. Mwalimu mwingine, Tejeschandra Sen, aliipenda miti kiasi kwamba nyumba yake ya udongo, ya mviringo, ilijengwa ikiuzunguka mti mmoja wa jamii ya mvumo, shina likipenya paa. Tagore mwenyewe aliandika juu ya sauti na maneno ya Kibengali, akatunga kitabu cha kusomea kiitwacho Sahaj Path, kilichotoka mwaka 1930 na kupambwa kwa michoro ya Nandalal Bose, na mwaka 1937 akatoa kitabu cha sayansi, Viswa-Parichay, kwa lugha ile ile. Alikuwa amekwisha kupata sifa ulimwenguni. Hakuna aliyemlazimisha mzee wa miaka 76 kuwaeleza watoto habari za atomu na nyota. Alifanya hivyo kwa kuwa aliamini kwamba ujuzi usiopita katika lugha ya mtoto hukaa juu juu kama mafuta juu ya maji.

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwapa wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza zoezi jepesi. Nawaomba waandike majina ya miti kumi iliyokuwa katika shule zao za msingi, kwa lugha yoyote waipendayo. Ni wachache wanaofika kumi. Wengi hukwama katikati, wakaanza kuandika mti wa kivuli, mti wa maua mekundu, mti wa pale langoni. Ni vijana werevu, wanaoweza kuchambua upatanisho wa kisarufi bila kutetereka. Ngeli wanaijua, kilichowapotea ni wakazi wake. Lakini hebu tuwe waadilifu: watalijuaje jina la kitu ambacho hawakuwahi kukutana nacho, au ambacho hakuna mtu mzima aliyewahi kuwatajia?

Mwaka 1918 Tagore aliandika kisa kifupi cha kejeli kuhusu kasuku. Mfalme aliamuru kasuku mjinga aelimishwe. Wataalamu wakaja, kizimba cha dhahabu kikafuliwa, vitabu vikanakiliwa kwa marundo, wakaguzi wakaajiriwa, na kila mtu akanufaika isipokuwa kasuku, ambaye alishindiliwa karatasi kooni hadi akafa. Kila mwalimu anayesoma kisa hicho hucheka kwanza, kisha hunyamaza.

Umaarufu ulimpata lakini haukumhamisha. Fedha za Tuzo ya Nobel alizielekeza katika benki ya wakulima aliyoianzisha vijijini, ili faida yake iisaidie shule. Mwaka 1915 mfalme wa Uingereza alimpa cheo cha heshima. Mwaka 1919, baada ya majeshi ya Waingereza kuwaua raia waliokusanyika Amritsar, alikirejesha. Mwaka 1921 shule ikazaa chuo kikuu cha Visva-Bharati. Mwaka uliofuata, akisaidiwa na mtaalamu wa kilimo kutoka Uingereza, Leonard Elmhirst, alianzisha kituo cha Sriniketan katika kijiji cha Surul, kilicho jirani, kwa ajili ya kilimo na ufundi. Mwanawe Rathindranath alikuwa amekwisha kupelekwa Marekani tangu 1906, si kusomea sheria kama wana wa matajiri wengine, bali kilimo. Wote watatu walikuwa wakiutazama udongo ule mwekundu ukizidi kuondoka kila mvua zinaponyesha. Walijua sababu yake: misitu ilikatwa, mizizi ikafa, na ardhi ikakosa cha kuishika.

Ndipo tukafika mwaka 1928. Mwezi Julai, mvua zilipokwisha kushika, Tagore alianzisha sherehe ya kupanda miti. Mche haukutupwa nyuma ya gari. Ulibebwa na watoto kwa maandamano, umepambwa na kuimbiwa kama bibi harusi. Vikasomwa vipande vya kuviomba ardhi, maji, moto, hewa na anga viupokee mtoto huyo mpya. Siku hiyo Tagore aliwasomea waliohudhuria hadithi aliyoiandika, iitwayo Balai.

Balai ni mvulana aliyefiwa na mama, anayelelewa na baba mdogo na mkewe. Anaijua miti na majani kama wengine wanavyowajua majirani. Siku moja anaona mche wa msufi wa kwao umechipuka katikati ya njia ya bustani. Baba mdogo anataka kuung'oa. Mtoto anamsihi, kisha anamwendea mama mdogo amtetee. Mche unaachwa, unakua kwa kasi, unaharibu mpangilio wa bustani. Baadaye Balai anachukuliwa na baba yake mzazi kwenda kusoma mbali. Akiwa huko anaandika akiomba picha ya rafiki yake. Jibu ni kwamba mti umekwisha kukatwa. Mama mdogo hali chakula kwa siku mbili, kwa kuwa kwake yeye mti ule ulikuwa ndio sura ya mtoto aliyeondoka. Hadithi ni hiyo tu. Haina hotuba. Hata hivyo nadhani inasema waziwazi ni kwa nini tunapanda: ili mtoto awe na kiumbe anachokijua kwa jina, kinachokua pamoja naye.

Si haki kumsifu mtu kwa kumfanya malaika. Tagore hakuwa mlinzi wa mimea ya asili kwa maana tunayoijua leo. Alipenda mimea ya kigeni pia, akaipa majina ya Kibengali. Mtambaa wa maua ya rangi ya samawati uliotoka Amerika, ulioletwa na rafiki yake Pearson, aliuita nilmanilata, yaani mtambaa wa johari ya buluu. Hupewa yeye pia sifa ya kuubuni jina sonajhuri, lenye dhahabu ndani yake, kwa mti wa jamii ya mgunga uliotoka Australia. Mti huo ulikuja kupandwa kwa wingi katika makorongo ya Santiniketan, kwa kuwa hustahimili udongo maskini. Umeufunika wekundu wa ardhi, hapana shaka. Lakini mtu asidhani kwamba kijani chochote ni sawa na kingine.

Ninalisema hili kwa sababu sisi nasi tu wakarimu wa majina. Mwarobaini ulitoka Bara Hindi. Tukaupa jina zuri linalohesabu maradhi unayodaiwa kuyatibu, na sasa wengi huudhani kuwa wa kwetu. Lugha humpokea mgeni kwa siku moja. Wadudu na ndege huchukua muda mrefu zaidi. Kipepeo hatagi mayai popote: kila jamii ya kipepeo ina mimea yake ambayo viwavi wake wanaweza kuila, na ndege wengi huwalisha makinda yao viwavi hao. Mkuyu una nyigu wake mdogo anayeingia ndani ya kuyu na kuchavusha maua yaliyofichika humo; kuyu likiiva hula ndege, popo na tumbili, nao hubeba mbegu. Mkaratusi uliotoka Australia uliwaacha jamaa zake huko. Hukua upesi, hutoa nguzo na kuni, na sina ugomvi na mkulima anayeupanda ili auuze. Ninachouliza ni kwa nini ndio mti pekee ambao mtoto wa shule anaufahamu.

Tagore alifariki tarehe 7 Agosti 1941, katika jumba lile lile la Jorasanko alikozaliwa. Kwa kalenda ya Kibengali ilikuwa tarehe 22 ya mwezi wa Shravan, mwezi wa mvua. Santiniketan huiadhimisha tarehe hiyo kwa kupanda miti. Sijui kumbukumbu ya mwalimu inayompendeza zaidi ya hiyo. Amartya Sen, aliyezaliwa papo hapo mwaka 1933 na kupewa jina lake na Tagore, alisoma katika shule ile na kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1998. Mwaka 1951 Visva-Bharati ilifanywa chuo kikuu cha serikali kuu ya India, na katika mahafali yake jani la chatim limekuwa alama ya kuhitimu. Mwaka 2023 Santiniketan iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Tunarudi kwetu. Hatukosi mifano. Wangari Maathai alianza kupanda miti na wanawake mwaka 1977, naye katika masimulizi ya maisha yake alieleza jinsi mugumo wa utotoni mwake ulivyokatwa na kijito kilichokuwa karibu nao kikakauka. Wazee wa Kimijikenda wamezihifadhi kaya zao, ambazo nazo zimo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2008, kwa kuwa waliziona kuwa mahali pa adabu wala si ghala la mbao. Na mwaka 2022 serikali yetu ilitangaza azma ya kukuza miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032; tarehe 13 Novemba 2023 ikafanywa sikukuu ya kitaifa ya kupanda miti. Ni azma njema. Hofu yangu ni kwamba hesabu ikitangulia ujuzi, tutapanda idadi. Mche uliopandwa mbele ya kamera na usiokuwa na mlezi wala jina hufa kiangazi kinapoingia, na mwaka unaofuata shimo lile lile huchimbwa tena.

Shule ndiyo mahali pa kuanza vingine, na gharama yake si kubwa. Kwanza, wanafunzi waende kwa wazee wa mtaa wakaulize ni miti gani iliyokuwa ikiota hapo kabla ya shule kujengwa, na ilikuwa ikiitwaje. Hilo peke yake ni somo la lugha, la historia na la sayansi kwa pamoja. Pili, mbegu zitafutwe karibu, na miche ipandwe mvua zinapoanza: muringa na mugumo kwa wa nyanda za juu, mkwaju na mfune kwa wa pwani, kila mahali na vyake. Mikuyu iwekwe mbali na kuta na mabomba, kwa kuwa mizizi yake haina simile. Tatu, pembe moja ya ua iachwe isifagiwe wala kufyekwa: vichaka, majani makavu, gogo linalooza, na sahani ya maji. Chozi, mnana na mijusi hawahitaji barua ya mwaliko. Nne, kila mti uwe na kibao chenye jina lake kwa lugha ya mahali, kwa Kiswahili na kwa jina la kitaalamu. Tano, kila darasa lipewe mti mmoja liufuate mihula yote mitatu na kuandika: lini umepukutika, lini umechanua, nani amekuja kula.

Najua walimu wakuu watakavyonijibu, maana wamekwisha kunijibu. Kichaka ni maficho ya nyoka, na mtoto akiumwa ni mwalimu mkuu atakayesimama mbele ya wazazi. Hoja hiyo ni nzito na haifai kubezwa. Ndiyo maana nasema pembe moja, si uwanja mzima. Iwe mbali na madarasa, vyoo na njia zinazopitwa kila siku. Ukanda wa nyasi fupi uizunguke. Na watoto waingie wakiwa na mwalimu, kwa viatu, mchana. Watoto wetu wengi hupita vichakani kila asubuhi wakija shule. Afadhali wafundishwe kukitazama kichaka wakiwa na mtu mzima kuliko kukiogopa bila kukijua.

Hoja ya pili ni mitihani. Mzazi anataka alama, miti haitahiniwi. Tagore naye alikabiliwa na wazazi wa aina hiyo, na shule yake ikalazimika kuwaandaa vijana kwa mitihani ya Chuo Kikuu cha Kolkata. Hakuona kwamba mambo hayo mawili yanafukuzana. Insha ya mwanafunzi aliyeufuata mti mwaka mzima haiwezi kuwa sawa na ya yule aliyekariri kwamba miti huleta mvua. Wa kwanza ana nomino, ana vitenzi, ana vivumishi vilivyotoka machoni pake mwenyewe. Wa pili ana sentensi ya kuazima.

Mvua zijazo zitakapoanza, mwalimu, kabla hujachimba shimo la kwanza, waulize wanafunzi wako mche walioushika unaitwaje kwa lugha ya nyumbani. Wakinyamaza, wape siku moja wakaulize. Mti unaweza kungoja kesho. Ajuzi anayelikumbuka jina lake pengine hataweza.